Gari la Kale na Jicho la Mkaguzi

Msomaji wangu, ukiitwaa ramani ya Kenya ukaufuata kwa kidole mstari wa mpaka wa mashariki, ukianza Mandera na kushuka kusini, utaupita mji mdogo uitwao Diff. Uko katika kaunti ya Wajir, upande wa kusini, na njia yake ikiendelea kidogo tu kuelekea macheo ya jua yaingia Somalia. Kutoka hapo hadi Wajir mjini ni zaidi ya kilometa 100 za mchanga na miiba. Hadi Garissa ni zaidi ya kilometa 200. Gari likiharibika katika nchi ya namna hiyo, mwenyewe hana budi kuwa fundi; na asiyekuwa fundi hujifunza siku hiyohiyo.

Ndiyo sababu nimeichagua nchi hiyo ili tusemezane juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo. Mtu ana gari la kale. Amelitengeneza uani kwake, ameliondolea injini iliyochoka na kulitia nyingine, ameliinua springi, ameliongezea tangi. Gari ni lake, spana ni zake, na jasho ni lake. Je, ana wajibu gani wa kulipeleka mbele ya mkaguzi wa serikali, akasimama kando kama mtoto aliyeletwa shuleni, akangojea kuambiwa kama limefaulu au limeshindwa?

Jibu la haraka ni kwamba sheria imesema hivyo. Jibu hilo halimtoshi mwanafunzi wa historia. Sheria nayo ina wazazi, na yatupasa kuwajua kabla ya kumlaumu au kumsifu mtoto.

Tuanze na jinsi magari yalivyofika huko. Hadi mwaka 1925 Diff haikuwa mpakani. Nchi yote mpaka Mto Juba ilikuwa chini ya Waingereza. Ndipo, kwa mkataba wa 1924, Jubaland ikakabidhiwa Italia mwaka uliofuata, na mahali palipokuwa ndani ya malisho pakawa ukingo wa dola. Watawala wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini waliitembelea nchi hiyo kwa ngamia, na askari wao wa kikabila, Dubas, wenye vilemba vyekundu, walikuwa wepesi kuliko gari lolote la siku hizo. Ngamia ana sifa moja ambayo makarani hawakuitambua wakati ule: haulizwi namba ya injini.

Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyoyaleta magari kwa wingi. Mwanzoni mwa 1941 majeshi ya Uingereza, yenye askari wa Afrika Mashariki, wa Gold Coast na Nigeria, na wa Afrika Kusini, yalitoka upande wa Garissa yakaelekea Afmadow na Kismayu. Kismayu ikaanguka tarehe 14 Februari. Watu wa Afrika Kusini walikuja na magari ya deraya yenye asili ya kushangaza. Chini yake yalikuwa malori ya Ford ya kawaida, yaliyotengenezwa kusukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu. Yalitiwa vyombo vya kampuni ya Marmon-Herrington ya Marekani ili magurudumu yote manne yasukume, kisha yakavikwa mabamba ya chuma huko Afrika Kusini. Kwa hiyo mmoja wa wageni wa kwanza wa chuma walioijua ardhi hiyo alikuwa gari lililogeuzwa. Lakini jeshi hujikagua lenyewe, na likikosea hulipa kwa askari wake. Raia agezapo gari, akikosea, hulipa aliyeketi kando yake, au aliyekuja kutoka upande wa pili wa barabara.

Gari lililokuja kuwa kipenzi cha nchi kavu zote za Afrika Mashariki halikuwa la vita, ingawa lilizaliwa kwa sababu ya umaskini ulioachwa na vita. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza, kikigawiwa kwa kipimo, kwa hiyo bodi ikaundwa kwa aluminiamu. Umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ulikuwa inchi 80, yaani sentimita 203 tu. Injini yake ya petroli ya lita 1.6 ilitoa nguvu za farasi 50 hivi, ambazo leo hata gari dogo la mjini hulizidi. Hata hivyo lilikuwa na fadhila ambayo wahandisi wachache huikusudia: karibu kila kipande chake kilifungwa kwa boliti. Mwenye spana na subira aliweza kulivua lote na kulivika tena. Muundo wa pili ulitoka mwaka 1958, wa tatu mwaka 1971, na ule mrefu wa inchi 109 ulibeba maofisa wa wilaya, maaskari, madaktari, wawinda nzige na wafanyabiashara. Baadaye Land Rover ziliunganishwa hapa hapa Kenya, katika kiwanda cha Thika kilichoanzishwa mwaka 1974.

Fadhila hiyo ndiyo mwanzo wa habari yetu. Gari linalofunguka kwa spana humshawishi mwenyewe alifungue. Injini ya petroli ya lita 2.25 ilikuwa imara lakini yenye kiu, na petroli ni ghali kwa msafiri atakayebeba mafuta ya kwenda na kurudi. Dizeli huenda mbali zaidi kwa lita ileile. Basi mafundi wa Kenya, tangu Garissa hadi Mombasa, wakajifunza kuing'oa injini ya Land Rover na kuweka pahali pake injini ya dizeli ya Kijapani, iliyotoka katika pikapu au lori dogo lililopata ajali. Sikuhadithii jambo la ajabu. Ukifunua boneti ya Land Rover kuukuu nchini mwetu, kukuta moyo usio wake si muujiza.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Anayebadili kitu kimoja katika gari hajabadili kitu kimoja. Gari ni kama hema la kamba nyingi: ukilegeza moja, nyingine zote hupata mzigo mpya.

Tuseme fundi ameiweka hiyo injini ya dizeli. Ni nzito kuliko ile iliyotoka, na uzito wote umekaa juu ya ekseli ya mbele. Springi za mbele zalala, gari lainama, usukani wawa mzito. Fundi aongeza jani moja au mawili ya springi. Vema. Lakini dizeli husukuma kwa nguvu nyingi ikiwa katika mwendo wa chini, na nguvu hizo hupita katika sanduku la gia hadi katika vile vyuma virefu vinavyozungusha magurudumu ya nyuma, ambavyo mafundi huviita hafu-shafti. Vyuma hivyo vilikuwa maradhi mashuhuri ya Land Rover za zamani hata zilipokuwa na injini yake yenyewe. Sasa dereva akwamapo mchangani na kukanyaga mafuta kwa hasira, husikia mlio kama wa bunduki, na safari imekwisha.

Kuvunjika kwa hafu-shafti ni hasara, lakini si mauti. Jambo la breki ni jingine. Land Rover hizo zilikuwa na breki za ngoma katika magurudumu yote manne, zilizopimwa kwa gari la mwendo wa pole. Ninyi mnaosoma fizikia mwajua kwamba nguvu ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Gari lililokuwa likienda kilometa 50 kwa saa, likifika 80, halikuongeza kazi ya breki kwa nusu na kidogo. Limeiongeza zaidi ya mara mbili na nusu. Injini mpya ni kazi ya fundi. Ngoma za breki ni zilezile za babu.

Tena kuna tego lililojificha zaidi, na nalipenda kwa sababu lafundisha kuliko hotuba. Injini ya petroli ya namna hiyo ya kale huvuta pumzi kupitia kilango ambacho dereva hukifungua na kukifunga kwa mguu wake. Kilango kikiwa nusu kimefungwa, ndani ya bomba mna upungufu wa hewa, yaani ombwe. Magari mengi yaliutumia upungufu huo kuusaidia mguu wa dereva kukanyaga breki. Dizeli ya kawaida haina kilango cha namna hiyo. Huvuta hewa wazi, na ombwe halipo. Kwa hiyo mtu akiitoa petroli na kuweka dizeli katika gari lenye breki za kusaidiwa, asitie pampu ya kutengeneza ombwe, amelinyima gari msaada wake wa kusimama. Injini itawaka vizuri. Itanguruma vizuri. Majirani watakuja kumpongeza. Kosa halitasikika uani. Litajulikana siku ya kwanza atakapokutana na ng'ombe katikati ya njia.

Waona basi kwamba mkaguzi hakuletwa ulimwenguni kwa sababu mafundi ni wajinga. Fundi aliyefanya kazi hiyo huenda ni hodari kuliko mkaguzi. Ila mtu aliyetengeneza kitu kwa mikono yake hukitazama kwa jicho la mzazi, na jicho la mzazi halioni kila kitu.

Sheria yenyewe ilisemaje? Sheria ya Trafiki ya Kenya ilipitishwa mwaka 1953, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1954, nayo ndiyo mpaka leo, baada ya viraka vingi, iitwayo Sura ya 403. Kifungu chake cha 55 chadai kwamba gari lolote litumiwalo barabarani, pamoja na sehemu zake zote, taa na tairi, liwe katika hali ambayo kuliendesha hakuelekei kuwa hatari kwa watumiaji wengine wa njia wala kwa waliomo ndani. Angalia kwamba kifungu hakisemi gari liwe jipya, wala liwe kama lilivyotoka kiwandani. Chataka salama tu. Aliye na gari la miaka 60 ana haki sawa na mwenye gari la jana, mradi lisiue.

Pamoja na kifungu hicho kuna daftari. Kila gari lina kitabu cha usajili, na humo huandikwa namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, na namna ya bodi. Mwenye gari akibadili injini au umbo la bodi, imempasa kuwaarifu watunza daftari, na gari lenyewe likaguliwe, ili kitabu na chuma viseme neno moja. Vijana wengi huona hayo ni usumbufu wa makarani. Lakini fikiri: injini iliyonunuliwa sokoni ilitoka katika gari la nani? Liliuzwa, liliungua, au liliibwa Nairobi wiki iliyopita? Namba zikiandikwa, swali hilo laweza kujibiwa. Zisipoandikwa, mnunuzi mwaminifu na mwizi huonekana sura moja mbele ya hakimu.

Mpakani jambo hilo lilipata uzito wa namna ya pekee. Desemba 1963, siku chache tu baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki, na vita vya shifta vikaendelea hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Katika miaka ya mwisho ya vita hivyo mabomu yalizikwa njiani, na dereva wa lori hakujua kama tairi lake lingekanyaga mchanga au mauti. Januari 2007 Kenya iliufunga mpaka wake na Somalia. Na tangu 2011 mabomu ya kufukiwa yalirudi katika njia zilezile. Katika nchi iliyopatwa na hayo, askari asimamishaye gari haulizi kwa udadisi tu, bali ataka kujua kama gari lililo mbele yake ndilo lile lililoandikwa. Nami sioni kwamba hilo laondoa haki ya mwananchi kuheshimiwa aulizwapo. Wenyeji wa kaskazini wamekwisha kuulizwa mengi, tena kwa ukali, kwa miaka mingi kuliko ndugu zao wa kusini. Lakini kitabu kilicho sahihi ni ngao ya mwenye gari kabla ya kuwa silaha ya serikali.

Huenda waniuliza: je, mtu wa karakana ya nyumbani amewahi kubadili gari kuukuu, akapita mbele ya wakaguzi, na akawashinda wenye magari mapya? Amewahi. Tutoke kidogo kaskazini tuende Nairobi.

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Hapo mwanzo magari yaligawanywa kwa bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini, ili watu wajue gari gani lafaa barabara za kwetu. Mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh, fundi na dereva aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, akisaidiwa na ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544, tena la mkono wa pili, lililokwisha tumika katika mashindano mikononi mwa wengine. Hata umbo lake lilikuwa la kizamani: lilitokana na gari ambalo Volvo waliwaonyesha watu mwaka 1944. Ndugu hao walilitengeneza wenyewe. Walilikaza walipojua patalegea na kulikinga walipojua patapigwa, kwa sababu barabara hizo walizijua kama mtu ajuavyo njia ya kisimani. Wenye mbio hukaguliwa kabla ya kuondoka: lililokatazwa likionekana, gari halitoki. Volvo ya ndugu hao ilitoka, ikarudi ya kwanza. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, safari hizo kwa Mitsubishi, akafariki mwaka 2013. Tangu 2003 yapo mashindano mengine ya magari ya zamani peke yake, na humo gari la umri wa babu hukaguliwa kama la kijana.

Nimeleta habari hiyo kwa kusudi. Ubunifu na ukaguzi si maadui kwa asili. Ila Joginder alikuwa na bahati mbili ambazo mtu wa Diff hana: alikuwa na karakana mjini, na wakaguzi walikuwa karibu.

Upande wa magari ya abiria, historia haikuwa laini hivyo. Matatu za kwanza zilikuwa magari ya mizigo na pikapu kuukuu zilizotiwa mabenchi ya mbao na kufunikwa juu na mafundi wa mitaani. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliziruhusu zichukue abiria bila ya leseni waliyotakiwa kuwa nayo wenye mabasi. Wananchi walifurahi, na walikuwa na sababu, kwa kuwa mabasi hayakutosha. Lakini ruhusa hiyo iliacha benchi la mbao liwe kiti cha umma bila mtu kuliuliza limefungwa kwa nini. Mwaka 1984 Bunge likarudi nyuma na kutaka matatu zikaguliwe na kupewa leseni. Mwaka 2003 Waziri John Michuki akatoa kanuni zilizoanza kushurutishwa tarehe 1 Februari 2004: mikanda ya usalama, kidhibiti mwendo cha kilometa 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni. Siku hizo watu wengi walikwenda kazini kwa miguu, kwa sababu magari hayakuwa tayari. Mwaka 2012 sheria nyingine iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, ambayo ilichukua kazi ya ukaguzi iliyokuwa mikononi mwa polisi. Mabodi ya mabasi yanayojengwa juu ya chesisi za malori nayo yalipewa kiwango chake, KS 372.

Ukizitazama tarehe hizo kwa mpango wake, utaona kwamba kila kanuni ilikuja nyuma ya makaburi. Hakuna aliyeketi ofisini akaota mkanda wa usalama. Viti viling'oka, watu wakatupwa nje, ndipo kifungu kikaandikwa.

Lakini nitakuwa mnafiki nikiishia hapo. Kanuni huandikwa na watu, na watu huandika wakiwa mahali fulani. Aliyeandika juu ya gari la abiria alikuwa na basi la lami kichwani mwake. Katika njia za Wajir Kusini, kwa miaka mingi, basi la watu wengi lilikuwa lori: chini mchele, sukari na mafuta, au mbuzi na ng'ombe waendao sokoni Garissa, juu, mama na mtoto wameshika kamba. Sheria hairuhusu. Mama alijua hairuhusu. Aliyakubali hayo kwa sababu mtoto alikuwa na homa na lori lingine lingekuja baada ya siku nne. Ukimwambia avunjaye sheria kwamba amekosa, usimfiche kwamba na wewe uliyeiandika hukumpelekea basi.

Vivyo hivyo mwenye Land Rover hufunga chuma juu ya paa ili abebe maji. Madumu kumi ya lita 20 ni kilo 200, nazo ziko juu kabisa, mahali pabaya kupita pote kwa gari lililoinuliwa springi. Konani gari hilo laweza kulala ubavu. Mkaguzi akilikataa ana haki. Msafiri akibeba maji ana haki. Mimi naona dawa si kulegeza kanuni, kwa sababu fizikia haina mkoa wa kaskazini na mkoa wa kusini. Dawa ni kumfundisha fundi ayashushe maji hayo katika tangi lililofungwa chini, kati ya magurudumu, na mkaguzi amfuate huko aliko mara kwa mara, asingoje tu mtu aunguze mafuta ya siku nzima kumtafuta. Mkaguzi afikaye kijijini huwa mwalimu. Asubiriwaye mjini kwa siku tatu huwa mlango, na kila mlango hupata bawabu anayeomba kitu kidogo.

Liko badiliko moja ambalo simshauri mtu yeyote alijaribu uani, nalo ni la kuhamisha usukani. Somalia magari hupita kulia. Kenya hupita kushoto, na kwa kawaida Kenya haisajili gari lenye usukani wa kushoto, isipokuwa magari ya kazi maalumu. Kwa hiyo penye mpaka kama wa Diff kishawishi hakikosi. Ni ajabu kwamba gari la kwanza la majaribio la Land Rover, la mwaka 1947, lilikuwa na usukani katikati, kana kwamba wahandisi waliogopa kuchagua upande. Walichagua baadaye, na waliochagua walikuwa na michoro. Fundi ahamishaye usukani hukata ukuta wa mbele, huhamisha pedali, na pengine huunga kwa kulehemu chuma ambacho juu yake maisha yote ya safari yamening'inia. Hata akifaulu hayo yote, mara nyingi husahau taa. Taa za gari la kupita kulia huinua mwanga wake upande wa kulia, ili zimulike ukingo wa njia. Zikiletwa Kenya bila kubadilishwa, zamwangaza usoni dereva ajaye mbele, na usiku wa Garissa hauna taa za barabarani za kumsaidia.

Na wewe uliye na mjomba mwenye Land Rover ya zamani, ombi langu ni hili. Jumapili moja chukua kitabu chake cha usajili na kitambaa chenye mafuta ya taa. Ikiwa ni ya muundo wa pili au wa tatu, piga goti mbele, upande wa kulia, mahali springi ya mbele inapofungwa kwenye chesisi, ukafute vumbi na grisi taratibu. Namba iliyogongwa kwenye chuma hicho itatokea tarakimu moja moja. Isome kwa sauti huku mjomba akiifuata katika kitabu, kisha pandeni kwenye injini mfanye vilevile. Mkaguzi huanza hapo hapo. Zikilingana, ataomba gari liwashwe, akanyage breki. Ikiwa namba ya chesisi imefutwa kwa tupa, atasimama, atajipangusa magoti, na hatajisumbua kuitazama injini, hata iwe imefungwa kwa ufundi wa namna gani.